Maswali ya wasomaji: Abaoji, chifu wa wafugaji aliyekataa kurudisha ngoma

Toleo lililopita tuligusia kidogo habari za Abaoji, yule chifu wa Wakitan aliyeanzisha dola ya Liao kaskazini ya China zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Meseji zilizokuja ni nyingi mno, zingine ndefu kuliko hata makala yenyewe, na nimefurahi sana manake huyu mtu nimekaa naye kichwani miaka mingi. Nimechagua sita nizijibu hapa.

Shikamoo mhariri. Mie niko kidato cha sita hapa Mwanza. Umesema alikuwa mchunga mifugo alafu akawa mfalme mkuu. Alianzia wapi hasa? Alizaliwa kwenye ukoo wa kifalme au alipanda tu mwenyewe?

Marahaba mwanangu. Ukoo ulikuwepo, ila haukuwa ndo wenye kiti.

Abaoji kazaliwa mwaka 872, ukoo wa Yelü, kabila la Yila, ambalo ni mojawapo ya makabila nane ya Wakitan. Hao jamaa walikuwa wanahama na kondoo, ng'ombe na farasi wao kando ya mito miwili, Shira Muren na Laoha, upande ambao leo ni mashariki ya Mongolia ya Ndani huko China. Wenyewe walikuwa wanasimulia kwamba zamani mwanaume alishuka na mto Laoha juu ya farasi mweupe, mwanamke naye akashuka na Shira Muren kwenye mkokoteni unaovutwa na ng'ombe wa kijivu, wakakutana mlima Muye, wakazaa watoto wanane wa kiume, ndo hayo makabila. Kwa hiyo kabla ya kwenda vitani walichinja farasi mweupe na ng'ombe wa kijivu, hawakuanza safari hivihivi.

Sasa kwenye ukoo wake kulikuwa na damu. Babu yake aliuawa kwenye ugomvi wa madaraka, na bibi akaona huyu mjukuu naye watamfuata, akawa anamficha kwenye hema la pembeni na kumpaka uso ili watu wasimjue ni mtoto wa nani. Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Mtoto ambaye kitu cha kwanza anachofundishwa duniani ni kutojulikana, na wanaomtafuta ni ndugu wa damu, weka hilo akilini manake litarudi huko mbele.

Baada ya hapo alienda haraka. 901 anachaguliwa mkuu wa kabila lake, 903 anakabidhiwa jeshi lote la Wakitan chini ya khan mkuu, yaani mtawala wa makabila yote, wa ukoo mwingine, ukoo wa Yaonian, 905 anaenda Datong na wapanda farasi 70,000 kukutana na Li Keyong, mmoja wa majenerali wakubwa wa kaskazini ya China, wanaapizana udugu, wanabadilishana makoti na farasi. 907 anachukua yeye ukhan mkuu. Na mwaka huohuo 907 ndo dola ya Tang, iliyotawala China karibu miaka 300, inaanguka, nchi inakatika vipande kila jenerali na chake. 916 akajitangaza mfalme mkuu kwa utaratibu wa Kichina kabisa, na jina la zama (jina la kuhesabia miaka ya utawala wake) na mrithi aliyetangazwa.

Mhariri, nakusoma kutoka Nairobi na kusema ukweli sikufurahi. Umeandika kwamba khan wa Wakitan alikuwa anachaguliwa kila baada ya miaka mitatu, yeye akakataa kutoka. Sasa huyo tunamsifia nini? Si ni yaleyale tunayoyajua?

Ndugu yangu, hasira yako naielewa na sitaipunguza. Acha nieleze yote alafu upime.

Ni kweli, desturi yao ilikuwa hivyo. Khan mkuu alikuwa na bendera na ngoma, hizo ndo alama za kiti, na muda ukiisha, au mifugo ikifa sana au ugonjwa ukiingia, wakuu wa makabila walikaa wakampa mwingine. Abaoji alipofika mwaka wa tatu hakutoa. Wa sita hakutoa. Inasemekana wafanyabiashara na wakimbizi wa Kichina waliokuwa kwake walimwambia kwamba kwao mfalme habadilishwi mpaka afe, na yeye akaona hiyo inamfaa.

Waandishi wa Kichina wa kusini wanasimulia ilivyoendelea. Mwaka wa tisa wale wakuu walimbana njiani, akatoa bendera na ngoma bila vita, akaomba kitu kimoja tu, kwamba ana Wachina wengi alionao basi apewe awe kabila lake mwenyewe kwenye mji wao. Wakakubali. Huo mji ulikuwa na ardhi nzuri ya kulima, una chuma na una ziwa la chumvi, na makabila yote yalikuwa yanakula chumvi ya hapo. Kwa ushauri wa mkewe, Shulü Ping, akawatumia ujumbe wakuu wote kwamba mnakula chumvi yangu mkasahau kwamba chumvi ina mwenyewe, njooni basi mnishukuru. Wakaja na ng'ombe na pombe mpaka kwenye lile ziwa, wakala, wakanywa, walipolewa askari waliojificha wakatoka wakawaua wote.

Historia rasmi ya Liao yenyewe haiitaji hiyo karamu hata kidogo, na walioisimulia hiyo karamu ni watu wa upande wa maadui zake, kwa hiyo kila mtu aisome akijua hilo. Ila kama ilitokea, ni uchafu, na hakuna dola utakayonijengea juu yake nikakuambia sawa. Mtu aliyekula chumvi yako ukamuua mezani, hapo hamna cha kutetea.

Lakini kuna upande mwingine ambao historia rasmi inausema kirefu na ndo sababu mimi namsoma huyu mtu. Waliomkasirikia zaidi kwa kutotoka walikuwa wadogo zake wa kuzaliwa, manake kwa desturi zamu ingekuwa yao. Wanne, Lage, Diela, Yindishi na Anduan, 911 wakapanga kumpindua. Mke wa Anduan akatoboa siri. Abaoji akawachukua mlimani, wakachinja, wakaapa mbele ya mbingu na ardhi, akawasamehe. 912 wakarudia, akasamehe tena. 913 wakarudi mara ya tatu na hii ikawa vita kamili, walichoma kambi yake na bendera na ngoma nusura ziende, ni mkewe aliyetuma watu wazikomboe. Msako ule uliwaumiza watu vibaya, askari walikula watoto wa farasi na majani ya porini, mifugo saba mpaka nane katika kila kumi ilifia njiani, vitu vikapanda mara kumi, na Abaoji mwenyewe akasema kwa uchungu kwamba watu waliokuwa na farasi elfu kumi leo wote wanatembea kwa miguu. Kwa mfugaji hakuna sentensi nzito kupita hiyo.

914 zikasomwa kesi za watu zaidi ya 300 waliofuata uasi. Akasema roho ya mtu ni kitu kizito, ikienda hairudi, akawapa siku moja ya karamu kila mtu afanye alichokuwa anakipenda maishani mwake. Wengine wakaimba, wengine wakacheza, wengine mishale, wengine mieleka. Kesho yake kila mmoja akahukumiwa kwa uzito wa kosa lake. Wadogo zake waliokuwa vinara, Lage na Diela, walichapwa fimbo wakaachiwa, na wale wawili wengine wakasamehewa.

Na sasa sikiliza hii. Huyo Diela, ndugu muasi mara tatu, miaka kama kumi baadae wajumbe wa Wauighur, taifa la upande wa magharibi, walifika na hakuna aliyejua lugha yao, wakamtuma yeye manake alikuwa na kichwa chepesi. Akakaa nao siku ishirini, akashika lugha na maandishi yao, alafu akatengeneza maandishi madogo ya Kikitan. Ya kwanza, makubwa, yalikuwa yametoka 920 kwa amri ya Abaoji yakifuata staili ya Kichina, ila haya ya Diela yalikuwa na herufi chache na yanasema kila kitu. Wakitan wakaandika nayo mawe ya makaburi yao kwa miaka mingi, na mpaka leo wataalamu wanahangaika kuyasoma yote. Kama kaka angemkata kichwa 913, hayo maandishi yasingekuwepo. Ndo hapo ninaposimama mimi, ndugu yangu wa Nairobi: kiti kweli alikipora, na wadogo zake kweli aliwabakiza hai, vyote viwili ni yeye.

Kwetu ni wafugaji, niko Longido. Swali langu ni la kawaida, huyo mfalme aliwezaje kukaa na wakulima bila ng'ombe kuingia mashambani kila siku? Hapa sisi kesi haziishi.

Swali lako ndo la maana kuliko yote kaka, na yeye hakulikwepa.

Vita vya China vilikuwa vinamwaga watu kaskazini, wengine wanakimbia wenyewe na wengine wengi tu alikuwa anawateka kwenye uvamizi, tusilifiche hilo. Sasa unawafanyia nini watu ambao hawajui kuishi na hema? Jibu alilipata kwa Mchina mmoja, Han Yanhui. Huyu alitumwa kama mjumbe kutoka Youzhou, maeneo ya Beijing ya leo, alipofika akakataa kupiga magoti. Abaoji akakasirika akampeleka kuchunga farasi. Shulü Ping akamwambia mumewe kwamba mtu anayeshika msimamo wake kwenye hali hiyo ni mtu wa maana, unamdhalilishaje, mwite umtumie. Akamwita, wakaongea, kuanzia siku hiyo akawa mshauri wake.

Han Yanhui akamwambia wajengee miji yenye kuta na masoko, wape ardhi ambayo haijalimwa, waoe na waolewe, waache waishi kwa sheria zao. Wakulima wakatulia, kutoroka kukapungua. Baadae Han mwenyewe akatoroka kwenda kwao, mambo yakawa magumu huko, akarudi kwa miguu yake, na badala ya kuuawa alipigwapigwa mgongoni kwa furaha, akaulizwa ulikuwa wapi, akasema nilimkumbuka mama nikaogopa hamtaniruhusu. Abaoji akampa jina la Kikitan lenye maana ya aliyerudi tena.

Mwaka 918 akajenga na mji mkuu, uko Balin Zuoqi ya leo, hukohuko Mongolia ya Ndani, lakini wakuu wenyewe waliendelea kuhama na mahema kufuata majira. Kwa hiyo kulikuwa na nchi mbili ndani ya moja, wafugaji wanatawaliwa kifugaji na wakulima kikulima, na waliofuata wakaja kuurasimisha huo mfumo mwaka 947 kwa serikali ya kaskazini na serikali ya kusini.

Kuna kitu alimwambia mjumbe wa China, Yao Kun, mwaka 926, kwamba Kichina anakijua vizuri ila hakiongei mbele ya watu wake hata siku moja, anaogopa wataiga Wachina wawe legelege. Fikiria hiyo nidhamu. Unaelewa kila neno linalosemwa mbele yako na unamsubiri mkalimani amalize.

Mhariri habari za kazi. Je, Wakitan ndo Wachina? Rafiki yangu aliyesoma Urusi anasema huko China inaitwa Kitai.

Nzuri dada. Sio Wachina, lugha yao ilikuwa jirani na Kimongolia. Ila rafiki yako yuko sahihi, waliitawala kaskazini mpaka watu wa mbali wakaita nchi nzima kwa jina lao, ndo hiyo Kitai ya Warusi, na Cathay ya Wazungu unayoiona hata kwenye ndege za Cathay Pacific. Msafiri Ibn Battuta, yuleyule aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, naye kaskazini ya China anaiita al-Khita.

Na kuna kingine kinachogusa pwani yetu. Liao ilipokuwa inaanguka, Yelü Dashi wa ukoo huohuo alikimbilia magharibi akaanzisha dola nyingine Asia ya Kati, na 1141 akampiga Sultani Sanjar, mtawala wa Kiislamu, karibu na Samarkand. Habari zikafika Ulaya zimegeuka, kwamba huko mashariki yuko mfalme padri Mkristo anaitwa Yohana anayewapiga Waislamu. Wazungu wakamtafuta miaka na miaka, baadae wakahamia kumdhania Ethiopia, na 1498 Vasco da Gama alipofika kisiwa cha Msumbiji watu wake wakaambiwa huyo Yohana hayuko mbali, wakalia kwa furaha. Walikuwa wanalilia habari iliyoanza na ushindi wa mjukuu wa mbali wa Abaoji.

Alishawahi kushindwa vita kweli? Au ndo wale wa kwenye stori tu? – Msomaji, Morogoro

Alishindwa, tena na Li Cunxu, mtoto wa Li Keyong, yule ndugu yake wa kuapizana. 917 Wakitan waliizingira Youzhou kama siku 200 wakaondoka mikono mitupu. Kabla ya hapo Abaoji alikuwa ameletewa mafuta ya moto kutoka kusini, yale ambayo ukiyamwagia maji ndo yanawaka zaidi, akataka aende fasta na wapanda farasi 30,000. Shulü Ping akamwonyesha mti mbele ya hema akamuuliza, ukiutoa ganda unaishi? Akasema hauishi. Akamwambia na mji ni hivyohivyo, waweke wapanda farasi 3,000 wakae pembeni wanavamia mashamba, chakula kitaisha ndani wenyewe, ya nini kukimbilia moto.

Mwaka 922 akapigwa tena, theluji ilikuwa imeanguka siku nyingi, watu na farasi wake wanakufa njaa wakirudi kaskazini. Li Cunxu akawa anawafuata nyuma, analala walipolala wao. Kila kambi waliyoiacha akakuta nyasi zilizotandikwa chini za kulalia zimepangwa mraba, pembe zimenyooka kama zimekatwa na mkasi, hakuna hata ujiti uliotoka mahali pake. Jeshi lililoshindwa, lenye njaa, linatandika hivyo. Akasema watu wake yeye hawaiwezi hiyo nidhamu.

Mhariri, mimi ni mama wa watu wazima, niko Tanga. Nimesikia mkewe alijikata mkono. Ni kweli au wanamsingizia tu mwanamke wa watu?

Shikamoo mama. Ni kweli, na naomba nilieleze taratibu manake wengi wanalitaja kama kituko wakaliacha hapo.

Mwanzoni mwa 926 Abaoji aliuteka ufalme wa Balhae, mashariki yake, mfalme wao akatoka na nguo nyeupe anavuta kondoo kwa kamba, maofisa zaidi ya 300 nyuma yake. Abaoji akamwachia nchi hiyo mwanawe mkubwa na mrithi wake, Tuyu, Wachina wanamwandika Bei. Yeye mwenyewe akafia njiani akirudi, mji wa Fuyu, mwaka huohuo.

Shulü Ping akashika nchi. Wakuu aliowaona wagumu alikuwa anawaambia nendeni mkamtumikie marehemu, wanauawa kaburini. Wengi sana walikwenda hivyo. Ikafika zamu ya Zhao Siwen, Mchina, akagoma. Akaulizwa si ulikuwa karibu na marehemu, kwa nini hutaki kwenda? Akajibu hakuna aliyekuwa karibu naye kuliko wewe, tangulia na mimi nitafuata. Shulü Ping akasema ningekwenda lakini watoto wangu bado wadogo na nchi haina mwenyewe. Alafu akaukata mkono wake wa kulia akaamuru uwekwe kwenye jeneza. Zhao Siwen akaachiwa hai.

Mimi sioni kichaa hapo mama. Naona mwanamke ambaye desturi ilikuwa inataka afe, au aseme kwa nini hafi, mbele ya watu ambao waume zao na kaka zao amewaua kwa desturi hiyohiyo, na akalipa kwa kipande cha mwili wake. Simsafishi. Damu aliyoimwaga ni nyingi na alijua anachofanya.

Kilichonisikitisha zaidi ni cha watoto. Tuyu alikuwa mpenda vitabu vya Kichina, baba yake alipouliza zamani tumjengee nani hekalu kwanza, wengine wakisema Budha, yeye ndo alisema Confucius, yule mwalimu mkuu wa kale wa Wachina, na akasikilizwa. Mama hakumtaka. 927 akawapandisha farasi Tuyu na mdogo wake Deguang mbele ya hema, akawaambia wakuu nawapenda wote, siwezi kuchagua, nyie mshikieni hatamu mnayeona anafaa. Wote walijua moyo wake uko wapi, wakakimbilia hatamu za Deguang. Tuyu akavumilia mpaka 930, akapanda meli akakimbilia China, huko akaishi anachora picha za farasi na wapanda farasi wa kwao mpaka akauawa.

Kiti kikazunguka. 947 Deguang akafa kwa ugonjwa njiani akirudi kutoka vita vya China, na wakuu wakamsimika mtoto wa Tuyu. Bibi akatoka na jeshi kumpinga mjukuu, akashindwa, akapelekwa kufungiwa Zuzhou, karibu kabisa na lile bonde lenye milima pande zote alikozikwa mumewe. Alikaa hapo miaka sita. 953 akafa, wakamfungulia kaburi la Abaoji wakamlaza humo, ule mkono wake ukiwa umemsubiri miaka 26.